Zuhura Inametameta Irente

Siku ya soko pale Lushoto, Yusta alikanyagwa mguu na kijana aliyekuwa akitembea huku ameinua uso juu. Kikapu kikamponyoka, mapeasi yake ya kuuza yakatawanyika chini.

"Macho umeyaacha wapi wewe?"

"Sasa hivi yako kwako, dada. Nisamehe."

Loh! Kumbe mwalimu wa fizikia, Clemence, shati jeupe pe, maneno matamu. Miezi minane baadaye walishakubaliana: Jumapili mshenga angekwenda kwa kina Yusta, Irente.

Ijumaa, jua lilipozama tu, Yusta alisimama ukingoni mwa mlima, kitenge chake cha njano kikipepea. Clemence alikuwa amemfundisha kwamba nyota humetameta, sayari hutulia. Sasa mbona sayari ya Zuhura, chini kabisa angani juu ya tambarare, inatetemeka? Akampigia simu.

"Mwalimu wangu, Zuhura inametameta!"

"Hiyo ni nyota, mpenzi. Sayari haimetameti."

"Naiona kwa macho yangu!"

"Macho ya muuza mapeasi hayo!"

Simu ilikuwa kwenye spika. Walimu wenzake wakaangua kicheko.

Yusta aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Jumapili usimtume mtu," akasema, akakata.

Alimpenda, hilo halina ubishi. Lakini uolewe na mtu asiyeamini unachokiona? Simu kumi na moja za Clemence hazikupokelewa.

Jumamosi, jua likizama, Clemence akatokea pale ukingoni anahema, viatu vimejaa vumbi jekundu. Hata salamu hakutoa. Akatazama magharibi.

"Ni Zuhura kweli," akasema. "Na inametameta."

"Si nilikwambia?"

"Ikiwa juu hutulia. Ikiwa chini hivi, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi, na joto la huko bondeni linaichezesha hewa hiyo. Nilijua, nikajisahau kwa kiburi. Jana usiku nilikumbuka, na walimu wote nimeshawaambia ulikuwa sahihi."

"Kwa spika?"

"Nimesimama mbele yao, kwa mdomo wangu mwenyewe."

Yusta alitaka kununa kidogo zaidi, lakini kicheko kikamshinda.

"Na mshenga wako?"

"Hajavua koti tangu jana, maskini, anasubiri tu. Nimtume?"

"Mtume. Ila siku nyingine nikikwambia naona kitu, utafanyaje?"

Clemence akamshika mkono.

"Nitakuja kutazama."