Bila Mguu, Hakuna Chungu

Nikipika sungura mimi, mtaa mzima hukosa utulivu. Nusu yao kwa harufu tamu, nusu kwa sababu nimeunguza tena. Basi nisijisifu mbele ya wanaojua; afadhali niwasimulie habari za mpishi wa kweli. Ndugu zangu mnaokula nyama bila kuuliza, sogeeni karibu. Hii ni yenu.

Mpishi huyo alikuwa na mgahawa wa meza nne na benchi moja lililoegemea ukuta ili lisianguke. Nyuma ya jiko kulikuwa na mabanda ya sungura aliowalisha mwenyewe. Asubuhi alikata vitunguu, sungura akiwa amelala kwenye bakuli la siki na chumvi. Hakuwa na haraka. Nyama ya sungura haina mafuta. Ukiikimbiza motoni, inageuka kamba. Alikaanga taratibu, akafunika, akaongeza maji kidogo kidogo, na wanawe wakaenda shule wameshiba kwa jasho la jiko hilo.

Tena alikuwa na sharti. Kila sungura aliyechunwa aliachiwa mguu mmoja wa nyuma, na manyoya yake, mpaka mteja auone. Maana sungura akishachunwa, yeye na paka ni mapacha. Mteja akitazama mguu, moyo unatulia, ndipo mguu unakatwa. Mpishi alikuwa na msemo wake: "Bila mguu, hakuna chungu."

Amani hiyo aliivuruga mumewe. Alikuwa fundi saa; saa zikamwishia, ukabaki mdomo. Watu walimwita Mwindaji kwa jinsi alivyosifia nyama ya pori, ingawa paa pekee aliyewahi kupambana naye ni paa la nyumba, siku lilipovuja.

Siku moja akaingia jikoni na gunia linalotiririka.

"Mama watoto, leo tumepata! Paa huyu. Nimemnunua kwa bei ya kutupa."

Mpishi akafungua gunia, akalifunga upesi. "Baba watoto, mguu uko wapi?"

"Umebaki porini."

"Kwa hiyo mguu ulikimbia, mwili ukashindwa?"

"Acha utani! Watu wamechoka na hivi vipanya vyako vya masikio marefu. Wanataka nyama ya wanaume."

"Basi wanaume waioshe kwanza, inanuka. Kichwa hakuna, kwato hakuna, muhuri wa bwana afya hakuna. Haiingii kwenye sufuria yangu."

"Mimi ni mume wako!"

"Kitandani na mezani, ndiyo. Jikoni wewe ni mgeni. Toka na mgeni mwenzio."

Akatoka amenuna. Mpishi akadhani gunia limekwenda kufukiwa. Ah! Mwenye tamaa hafukii kilichomtamanisha.

Kesho yake mpishi aliitwa kumuuguza dada yake. Akafunga jiko, akamwambia mumewe awaombe radhi wateja. Mume akakubali kwa adabu, na hapo ndipo mngepaswa kuogopa. Mkewe alipopinda kona tu, jiko likafunguliwa. Gunia likaingia sufuriani na pilipili ya kutosha kumfufua aliyezimia. Akawapakulia watu, akisema ni sungura wa kawaida.

Fundi baiskeli, mteja wa kila siku, akauliza, "Mzee, mbona leo sijaona mguu?"

"Paka kaubeba. Kula, usimsumbue mpishi."

Fundi akala, akaongeza. Jioni mstari wa chooni ulikuwa mrefu kuliko wa mgahawani. Fundi mwenyewe alibebwa hadi zahanati, akatundikiwa dripu, macho yameingia ndani, mkewe akimshika mkono na kumwita asijibu. Hapo utani wangu nauweka kando kidogo.

Asubuhi mpishi alirudi akakuta umati mlangoni na bwana afya ameshika kufuli.

"Sungura si chakula! Tulisema sisi!" mmoja akapiga kelele.

"Mlisema huku mkilamba vidole," mpishi akamjibu, akapita katikati yao kichwa juu.

Bwana afya akasema, "Mama, fundi amefumbua macho, mshukuru Mungu. Lakini kama chakula kile ni mkono wako, mgahawa huu haufunguliwi tena. Kama ni mkono wa mwingine, nitafunga usafishwe, kisha utaendelea."

Mume akamvuta mkewe pembeni. "Nisitiri, mama watoto. Sema ulikosea. Aibu ya mume ni ya mke."

Mpishi aliwawazia wanawe. Akayafikiria mabanda yale ya sungura, na fundi aliyemwamini.

"Nimekusitiri kwa uvivu," akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "nimekusitiri kwa uongo wa paa na nyati. Kwa uozo uliolisha watu, sikusitiri! Nilikuwa kwa dada yangu. Aliyepika ni huyu, na sungura hakuwemo."

"Anasema uongo!" mume akaruka. "Kweli nilipika mimi, lakini ni sungura wake, kama ni sumu ni yake! Yule dume mweupe. Nilimchinja kwa mikono hii."

Alimtaja mweupe kwa kuwa alikuwa mmoja tu mabandani, na ndiye pekee aliyemjua kwa sura.

"Una hakika, mzee?" bwana afya akauliza.

"Damu yake ilinirukia usoni!"

Mpishi akageuka. Akaelekea nyuma ya jiko.

Funzo

Nawajua nyinyi. Hadithi ikiisha mnaondoka, funzo linabaki mezani linapoa. Kwa hiyo nalitia hapa, mlimeze pamoja na nyama.

Nyama ya pori si dhambi, wala kula sungura si aibu. Aibu ni nyama isiyojulikana ilikotoka. Uliza ni mnyama gani, kachinjwa na nani, kakaguliwa na nani. Anayekasirika ukimuuliza, mrudishie gunia lake. Nawe mwanamke unayeambiwa umsitiri mtu anayeumiza watu, kumbuka ndoa ni sitara, si kifuniko cha sufuria iliyooza. Sema! Watakuita jeuri. Na waite. Jeuri haijawahi kumlaza mtu kwenye dripu.

Haya, turudi mlangoni, mwenzetu anakuja.

Mpishi alitokea amekumbatia kitu kinene, cheupe, kinachotafuna jani la kabichi. Akakiweka juu ya meza mbele ya bwana afya.

"Marehemu huyu hapa," akasema. "Hesabu miguu."

Bwana afya akamtazama sungura, akamgeukia mume.

"Huyo..." mume akasema, "huyo ni ndugu yake."

Sungura akaendelea kutafuna.