Volti Thelathini Zilizopotea

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yolande alikuwa na kazi tatu: kufagia baraza, kujaza maji kwenye pipa la jikoni, na kumwamsha mjomba wake, tonton Chrispin, ambaye alilala usingizi mzito kuliko watu wote wa Muhungu. Wakati huo maman yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anachemsha chai kwenye jiko la umeme.

Muhungu ni mtaa wa mteremko. Paa la jirani wa chini liko sawa na mlango wako, na ukuta wa nyuma wa nyumba yako umechimbwa ndani ya kilima. Ndiyo maana jikoni kwa kina Yolande mlikuwa na giza hata saa sita mchana, na balbu moja ya njano iliwaka kutwa nzima kila umeme ulipokuwapo.

Balbu hiyo ndiyo iliyoanzisha maneno. Tangu mwezi wa pili ilikuwa inafifia ghafla, inabaki nyekundu kama kaa la moto, kisha baada ya muda inarudi. Jirani yao Maman Rosette, aliyeuza juisi baridi, alikuwa na taabu kubwa zaidi. Friji yake ya kugandishia ilinguruma tu bila kushika baridi. Juma moja alimwaga ndoo mbili za juisi ya matunda ya maracuja iliyochacha, huku watoto wake wakitazama.

Nyumba tatu zilipata umeme kutoka waya mmoja wa nguzoni: nyumba ya kina Yolande, ya Maman Rosette, na ya Hadji Feruzi. Huyu Hadji alikuwa fundi cherehani aliyehamia kutoka Uvira mwezi wa kwanza, pamoja na mke wake na binti yao Maisara.

"Hesabuni wenyewe," tonton Chrispin alisema siku moja mezani. "Mbele ya ule muzee kufika, courant ya umeme ilikuwa muzuri. Amefika, courant inaanguka. Iko na pasi kubwa, iko na mashini mbili. Ni yeye anakula umeme yetu. Na pengine iko na waya ingine yenye hatuone."

"Huo waya umeuona?" Maman aliuliza.

"Mwizi anaonyeshaka?"

Tangu siku hiyo Yolande alianza kuona mambo ambayo hakuwahi kuyaona. Kila alasiri pazia la karakana ya Hadji lilishushwa. Kwa nini? Jumapili moja Hadji alipanda juu ya paa akiwa na waya mkononi. Wa nini? Hata tabasamu lake alipomsalimia lilianza kufanana na tabasamu la mtu anayeficha kitu.

Tonton alimpa daftari. "Wewe iko na macho ya mwanafunzi," alimwambia. "Kila mara balbu ikififia, andika saa na andika Hadji anafanya nini." Yolande alifurahi sana kupewa kazi ya watu wazima. Alikaa dirishani asubuhi na baada ya shule. Saa kumi na mbili na robo asubuhi: balbu imefifia, Hadji amefungua karakana. Saa kumi na nusu alasiri: balbu imefifia, cherehani ya Hadji inasikika nyuma ya pazia. Kurasa zikajaa.

Yeye na Maisara walisoma darasa moja, na tangu mwezi wa kwanza walikuwa wakipanda mteremko pamoja kwenda shule. Sasa Yolande aliondoka mapema ili asimkute. Siku moja Maisara alimngojea mlangoni pa shule.

"Nimekukosea nini?"

"Hakuna."

"Basi mbona unaandika huku ukitazama dirisha letu?"

Yolande aliinama kufunga kamba ya kiatu. Maisara akaingia darasani peke yake.

Ijumaa iliyofuata, Yolande alirudi kutoka shule akabandika maharage kwenye jiko la umeme. Mara ile ile balbu ikafifia. Alikimbilia dirishani na daftari. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Hadji alikuwa amekwenda msikitini, na mkewe na Maisara walikuwa wanaanika nguo nje. Yolande alishika kalamu muda mrefu. Labda ameacha pasi ikiwaka, aliwaza. Labda ni ule waya wa siri. Hakuandika kitu.

Ijumaa ya pili mambo yakawa vile vile. Halafu familia ya Hadji ilisafiri siku mbili kwenda Uvira kwenye harusi, na balbu ikafifia mara mbili nyumba yao ikiwa tupu. Mara zote hizo kalamu haikugusa karatasi. Yolande alijiambia kwamba mara nne si nyingi. Lakini tangu hapo hakupenda tena kulifungua daftari lile.

Jumamosi moja asubuhi, tonton Chrispin aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa Maman Rosette, upande wa nguzo. Mkononi alikuwa na koleo lenye mpini wa plastiki. Alimwita Hadji mbele ya watu wa nyumba zote tatu.

"Muzee, tunakuheshimu," alisema. "Lakini leo tunakata waya yako. Utatafuta ligne ya umeme yako mwenyewe."

Hadji alikuwa na futi ya kupimia shingoni. Alizungumza polepole, kwa Kiswahili cha watu wa Uvira. "Nina sare za wanafunzi arobaini za kumaliza. Mkinikatia umeme, watoto hao wataendaje shule? Na kosa langu nilijue basi."

"Kosa iko hapa." Tonton alifungua daftari la Yolande, akasoma kwa sauti tarehe moja baada ya nyingine. "Mara kumi na tatu. Kila mara balbu inafifia, wewe uko kazini."

Maman Rosette alitikisa kichwa. "Na mimi nafikiriaka ni mashetani, kumbe ni cherehani."

Wakati huo Joviale, dada mkubwa wa Yolande, alikuwa amesimama kando na begi lake begani. Alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, akisoma uhandisi wa umeme, na Jumamosi alirudi nyumbani. Aliliomba daftari, akasoma kurasa zote.

"Yolande, umefanya kazi nzuri," alisema. "Nina swali moja tu. Ulitazama pia saa ambazo karakana imefungwa?"

Watu wote walimgeukia Yolande. Maisara alikuwa nyuma ya baba yake. Angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angejua.

"Nilitazama," alisema. "Balbu ilififia mara nne wakati Papa Hadji hayupo. Ijumaa mbili, na siku mbili walipokwenda Uvira. Sikuandika."

"Kwa nini?" Maman aliuliza.

"Kwa sababu hazikukubaliana na zile zingine."

Tonton Chrispin alitazama koleo lake kana kwamba hakujua limefikaje mkononi.

"Basi tupime," Joviale alisema. Alitoa begini kifaa kidogo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. "Hii ni multimeta. Inapima volti, yaani nguvu inayosukuma umeme kwenye waya. Nyinyi watoto msiguse. Tutabadilisha kitu kimoja tu kila mara, ili tujue ni kipi kinacholeta tofauti. Maman Rosette, zima friji yako kwanza. Yolande, simama jikoni utazame balbu. Maisara, utakuwa mlangoni kupeleka habari."

Alianza kwa Hadji. Pasi ilipowashwa, na mashine zote mbili zikinguruma, multimeta ilisoma volti mia mbili na tisa. "Balbu je?" Joviale aliuliza.

Maisara alikimbia, akarudi. "Yolande anasema haijatikisika."

Kisha Joviale akaenda jikoni kwao. Kila kitu kikiwa kimezimwa isipokuwa balbu, multimeta ilisoma mia mbili na kumi. Akamwambia Yolande awashe jiko la umeme. Balbu ikawa nyekundu. Multimeta ikashuka hadi mia moja na themanini.

"Volti thelathini zimepotea," Joviale alisema. "Hazikupotelea kwa Papa Hadji. Zimepotelea njiani, kati ya waya mkuu na nyumba yetu." Alimwona Maman Rosette amekunja uso, akaeleza upya. "Chukua mpira wa maji. Ukiubana mahali, maji yakitiririka kidogo hutajua. Ukifungua bomba sana, ndipo unaona mwishoni hayana nguvu. Mahali penye ukinzani mkubwa, yaani panapozuia umeme kupita, ndivyo palivyo. Balbu inavuta umeme kidogo, haioni shida. Jiko linavuta mwingi, na volti zinaliwa pale palipobanwa. Zikiliwa, zinageuka kuwa joto."

"Jiko letu," Yolande alisema taratibu. Asubuhi chai, mchana maharage, alasiri chakula cha jioni. Saa zote alizoandika zilikuwa saa za jiko lao wenyewe.

Walifuata waya kwa macho, bila kuugusa. Waya wa Hadji ulichepuka mapema, karibu na nguzo. Waya wa nyumba zile mbili nyingine uliungwa mbele zaidi, chini ya paa la Maman Rosette. Pale kwenye kiungo kulikuwa na mfuko wa plastiki ulioyeyuka, na ubao wa paa ulikuwa mweusi kwa kuungua. Upande wa pili wa ubao huo ndiko watoto wa Maman Rosette walikolala.

"Nani aliunga hapa?" Joviale aliuliza. "Shaba imesokotwa na alumini kwa mkono. Metali hizi mbili zikiunganishwa hivi, unyevu unazila, na kiungo kinalegea."

Tonton Chrispin alikaa kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi yake. "Ni mimi," alisema. "Mwaka jana. Nilifunga na sashe ya plastiki, nikasema itatosha."

Siku hiyo na kesho yake hakuna aliyewasha jiko wala friji. Jumatatu fundi wa kampuni ya umeme alizima waya nguzoni, akakata kiungo kile, akaweka kifungio maalumu cha kuunga shaba na alumini. Maharage yalipochemka, balbu ilibaki njano, na friji ya Maman Rosette ilishika baridi hadi jioni.

Lakini kabla ya hapo, jioni ya Jumamosi ile ile, Maman aliwachukua Yolande na tonton Chrispin hadi kwa Hadji. Tonton aliomba msamaha kwa maneno machache. Yolande alimwomba Hadji, kisha akamwomba Maisara, na hilo la pili lilikuwa gumu zaidi.

"Pazia tunalishusha kwa ajili ya jua," Maisara alimwambia. "Jua linachujusha kitambaa cha bluu. Na ule waya juu ya paa ni wa antena. Ungeniuliza, ningekwambia."

Maman alimgeuza Yolande amtazame. "Kushuku peke yake si dhambi, mwanangu. Ukishuku, una swali, na swali linapimwa. Kosa lenu ni kwamba mlikuwa na jibu tayari, mkakusanya yale tu yanayolipendeza. Leo ulisema kweli ilipokuwa inakuaibisha, na kwa ajili hiyo watoto wa Maman Rosette watalala salama. Kesho useme mapema zaidi."

Hadji aliwakaribisha ndani. Kwenye sakafu ya karakana moja ya mashine zake ilikuwa imefungwa kwenye gunia, na kamba imekazwa.

"Baada ya maneno ya asubuhi nilianza kufunga, nikidhani kesho tungerudi Uvira," alisema. Aliinama akaanza kufungua fundo. "Njooni mnisaidie."

Mashine ilikuwa ya chuma, nzito. Yolande alishika upande mmoja, Maisara akashika wa pili, tonton Chrispin akabeba chini, na kwa pamoja wakairudisha mezani.