Mapigo ya Jumapili

Mtu alikuwa anaponda gome siku ya Jumapili.

Vika alisimama mlangoni akasikiliza. Kijiji kizima cha Kolonga kilikuwa kimelala baada ya kanisa na chakula cha mchana; hata mbwa walikuwa kimya. Mwanamke ambaye angethubutu kushika nyundo ya mti na kuponda gome la kutengenezea kitambaa siku hiyo angesemwa mpaka Krismasi. Lakini nyundo ililia, ko, ko, ko, kutoka kibanda cha nyuma, ambako gogo la kupondea liliegemezwa ukutani tangu Kalolaine, mke wa kwanza wa mumewe, alipofariki.

Alikwenda. Sauti ikakoma. Gogo lilikuwa limefunikwa na utando wa buibui. Aliporudi, chumba kilinukia mafuta ya nazi yenye manukato ya mti wa sandali, na Vika sandali hapaki. Mumewe, Lisiate, alikuwa amelala juu ya mito mitatu, akitabasamu.

Moyo wa Lisiate ulikuwa umechoka. Pande zake mbili zilipiga kila upande kwa wakati wake, kama wapiga makasia waliogombana, na maji yakamjaa miguuni hadi magotini. Huko Oklandi, ng'ambo ya bahari, madaktari walimwekea kifaa chini ya mtulinga, na nyaya tatu nyembamba zikashuka mpaka moyoni kuzifanya pande zote mbili zivute pamoja. Miezi ya kwanza alirudi shambani kwenye viazi vikuu vyake, akicheka. Sasa miguu ilikuwa imeanza tena kuvimba.

Huko kliniki, muuguzi Sulia aliweka kipimo juu ya kifua cha Lisiate, akatazama kioo cha mashine.

"Mama Vika, kifaa kinatakiwa kiongoze karibu kila pigo. Safari iliyopita kiliongoza tisini na saba kwa mia. Leo themanini na moja."

"Kimeharibika?"

"Kizima kabisa. Moyo wenyewe ndio unakitangulia. Unapiga kabla haujaambiwa." Akakigeuza kioo. "Na saa zake ni zilezile. Unaanza Jumapili, saa nane hadi saa kumi mchana, kisha unavurugika siku moja au mbili kabla ya kutulia. Baba, huwa unafanya nini saa hizo?"

"Nalala," Lisiate alisema, macho chini.

Daktari alibadilisha dawa. Waliporudi kliniki, ilikuwa sabini na nne. Sulia akamvuta Vika kando ya mlango. "Ikiendelea kushuka, maji yatapanda mapafuni. Sidhani kama atauona mwaka mpya."

Jumapili iliyofuata Vika hakuosha vyombo. Alijilaza kando ya mumewe, akaegemeza sikio kifuani pake, na kwanza akasikia pigo la kawaida, pole, lililopangika, kisha ile ko, ko ikaanza mbali, nyuma ya nyumba, akashukuru kwamba iko nje, lakini ikasogea, ikapita jikoni, ikapita juu ya mkeka, harufu ya sandali ikatanda, na alipotaka kuinua kichwa hakuweza, kwa sababu kiganja chenye baridi kilikuwa kimetua juu ya shavu lake, kikilikandamiza kifuani, kama mtu anayemwambia haya sikiliza vizuri, na nyundo sasa ilikuwa ikilia humo ndani, chini ya mbavu, na moyo wa Lisiate uliiacha amri ya kifaa ukaifuata nyundo.

"Taratibu, Kalo," Lisiate alinong'ona usingizini.

Kiganja kikaondoka. Vika akamtikisa. "Kumbe unajua!"

"Anataka saa mbili tu," alisema, akihema. "Nyingine zote ni zako."

"Mimi nakuosha miguu. Nakupikia bila chumvi. Yeye anakuja kukuua, na wewe unampangia zamu!"

Lisiate akageukia ukuta. Na Vika, aliyekuwa ameishi na picha za Kalolaine ukutani bila kuuliza lolote, alijikuta akilia si kwa hofu, bali kama mwanamke aliyeletewa mke mwenza.

Wifi yake Meleane, dada mkubwa wa Lisiate, ndiye aliyejua dawa za majani na mambo ya wafu, na Vika akamwendea.

"Leo umeijua nyumba yangu," alisema. "Siku ya harusi ulinipita kama nguzo."

"Nisamehe, wifi. Kalolaine anamchukua. Ana wivu."

"Na wewe huna?"

Vika akavuta uzi wa mkeka.

"Kalo hakuwa na roho mbaya," Meleane alisema kwa sauti ya chini. "Wafu wetu wakibanwa mifupa kule chini, hutubana sisi. Tutamfukua."

Jumamosi asubuhi binamu wawili walilichimba kaburi la Kalolaine. Walipofika kwenye mifupa, Meleane aliwafukuza, akashuka pamoja na Vika, na mafuta na kitambaa cheupe. Mzizi wa mjinamizi, mti wa maua yenye harufu ambao Lisiate aliupanda mwenyewe kaburini wiki ya mazishi, ulikuwa umepenya kati ya mbavu za kushoto, kisha ukagawanyika matawi matatu, membamba kama nyaya.

"Ee Mungu," Meleane alinong'ona. "Na yeye amewekewa." Akatoa kisu. "Kata wewe. Mimi nilimpenda. Lakini mwombe radhi kwanza."

"Nisamehe, dada," Vika alisema kwa mdomo. Moyoni alisema: Sikuachii hata pigo moja.

Akakata. Utomvu mweupe ukamtiririkia mkononi. Ulikuwa wa vuguvugu.

Jumapili hiyo Kolonga ilinyamaza kweli. Baada ya wiki sita viatu vya Lisiate vilimwingia, na alilala juu ya mto mmoja. Sulia alipotazama kioo, alipiga makofi.

"Tisini na tisa kwa mia! Baba, umezaliwa upya."

Lisiate akacheka. Vika hakucheka.

"Ile moja inakwenda wapi?"

"Mama nawe! Mia kamili hatuipati kwa mtu yeyote."

"Moyo unapiga mara ngapi kwa siku?"

"Kama laki moja."

Vika alimtazama mumewe akifunga vifungo vya shati, mzima, mwenye damu usoni. Laki moja, moja kwa mia. Mapigo elfu moja kila siku, huenda bado ya Kalolaine, na sasa hakuna aliyejua ni ya saa ngapi.

"Twende nyumbani, mke wangu," Lisiate alisema.

Vika alimshika mkono mpaka barabarani, vidole juu ya mshipa, akihesabu.