Johari Alisubiri Ruhusa

Bi Mwanaidi, muuza vitumbua jirani na zahanati ya kisiwani, hadi leo anasimulia kwamba siku Yasmin alipofariki, muuguzi Johari alikuwa botini na mchumba wake Badru, kaka wa marehemu, wanatekenyana. Si kweli. Botini alikuwamo Badru peke yake, injini inanguruma.

"Johari, mpenzi, tumtoe dada! Bahari inakupwa, patabaki tope!"

"Ngoja kidogo. Mfawidhi wa zahanati hapokei simu. Nitampaje rufaa ya hospitali bila yeye?"

Yasmin alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Johari alichoma sindano, akatundika dripu, akakanda tumbo. Kusema "twendeni" ndiko kulikomshinda. Mfawidhi, aliyekuwa semina Kibiti, alipopokea simu alishangaa: "Ulikuwa unanisubiri mimi?"

Boti ilikuwa imeshakaa juu ya tope.

Johari na Badru walijuana mwaka uliotangulia, bandarini Nyamisati, katika msukumano wa abiria. Johari kavaa dera la njano, kakumbatia begi la dawa, anaogopa kupanda.

"Dada sindano, watu unawachoma, boti yangu unaiogopa?"

"Nikichoma nimeshika mimi. Hapa umeshika wewe."

Badru akacheka, akampa mkono. Kufikia siku ya Yasmin, mahari ilishakubaliwa.

Msibani wanawake walisema ni kudra ya Mungu. Badru akamvuta Johari pembeni.

"Nyamaza, mpenzi wangu. Ukisema ulichelewa, mama yangu hatakupokea."

"Na nisiposema, kesho nitasubiri tena."

Akajifunga kanga, akaenda kupiga magoti. "Mama, kudra ni ya Mungu. Ila mimi nilichelewa kuamua."

Mama akauchomoa mkono wake taratibu mikononi mwa Johari. Tangu siku hiyo Badru hakumpigia tena simu.

Masika yalipofika, mzazi mwingine akaanza kutoka damu. Mfawidhi hakuwapo. Johari hakugusa simu.

"Mbebeni. Wewe shika dripu, iwe juu. Badru, washa!"

Badru akawasha. Njia nzima hawakusemeshana ila "punguza" na "ongeza." Nyamisati wakampakia mgonjwa kwenye gari hadi hospitali ya Kibiti, na alasiri daktari akatoka kusema mgonjwa yu hai.

Johari na Badru wakakaa barazani, dera la Johari limekaukiwa na damu kifuani.

"Umeweza," Badru alisema, macho chini. "Ungeweza na siku ile."

"Ningeweza."

Johari akalia bila sauti. Badru alinyoosha mkono, akaurudisha magotini.

"Badru, mwenzangu, sikuombi ndoa. Niombee kwa mama nije nimbebe mtoto wa Yasmin, hata mara moja."

Badru alitazama geti, watu wakiingia na kutoka, akazungusha ufunguo wa boti kidoleni. "Nitamuuliza mama," akasema.