Egidi Arudi Kwenye Sengu

Kwetu Litembo, mwanamume anayekula peke yake huulizwa maswali. Wanaume wa ukoo hula pamoja kwa mkubwa wao. Mkutano huo wa chakula tunauita sengu. Hapo watu hula, huonyana na hutaniana.

Egidi alikuwa akila kwa kaka yake Kilian. Ghafla akaacha kwenda. Kila jioni alisema ameshiba.

"Umeshiba nini, Baba Yuliana?" mkewe Winifrida alimuuliza. "Tangu asubuhi umekunywa uji tu. Na dawa zako mbona hazipungui?"

Wote wawili walijua ni dawa zipi. Egidi aliishi na virusi vya UKIMWI. Dawa hizo ndizo zilizomrudishia nguvu ya kupalilia kahawa.

Egidi alijibu huku ameziba mdomo kwa kiganja. "Mdomo unawaka moto. Nikipiga mswaki, damu. Basi nimeacha mswaki. Dawa nazo nimeziacha kidogo, mpaka mdomo upone. Na sengu siendi, nisije nikawaambukiza ndugu zangu."

Winifrida aliogopa sana. Alikwisha kumuuguza mumewe akiwa mifupa mitupu. Hakutaka kuyaona hayo tena. Kesho yake walikwenda kliniki pamoja.

Nesi Bonifasia hakumgombeza. "Fungua mdomo, kaka." Akaona utando mweupe kwenye ulimi, na fizi zilizovimba. "Huu weupe ni fangasi. Daktari atakupa dawa yake. Lakini zile za virusi usiziache bila kutuuliza. Ukiziacha, virusi hupata nguvu, na mdomo utazidi kuumwa."

Kisha akampa mswaki laini. "Hebu piga nikuone."

Egidi akasugua kwa nguvu zote.

"We kaka! Hiyo ni sufuria yenye masizi?"

Wakacheka wote watatu. Bonifasia akamshika mkono, akamwongoza polepole, kwa mizunguko midogo, pale jino linapokutana na fizi.

"Asubuhi na kabla ya kulala. Ulimi pia, taratibu. Damu ikitoka kidogo usiache, maana uchafu ndio unaovimbisha fizi. Isipokoma, rudi tukuone. Na mswaki usichangie na mtu."

"Na kula na ndugu?"

"Kula nao, kaka. Kula sahani moja hakuambukizi."

Siku ileile Egidi alianza tena dawa zake, pamoja na ile ya fangasi, kama alivyoelekezwa. Mswaki ulimtoa machozi mwanzoni. Aliguna kama mtoto anayeogeshwa, na Winifrida alimshikia maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo ili asukutue. Polepole utando ukaisha na damu ikakoma. Ugali ukapita vizuri.

Jioni moja akaingia kwa Kilian, akanawa mikono.

"Mdogo wangu, tulidhani umetukasirikia," alisema Kilian.

"Nilikuwa naumwa mdomo, kaka." Egidi alimeza tonge, kisha akatoa kidonge mfukoni. "Na hiki ni cha virusi vya UKIMWI. Nimechoka kukimeza kwa kujificha."

Mbele ya wanaume wote, Kilian akachota maji kwa kikombe chake mwenyewe, akampa mdogo wake.

"Uwe unameza hapa hapa, mbele yetu," alisema. "Tunakutaka mzima."