Ubeti wa Majina

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi tarehe 13 Julai 2013, Annick alisukuma mlango wa gereji iliyo nyuma ya nyumba yao huko Queensburgh, Durban, akamkuta baba yake amelala kifudifudi kati ya spika mbili. Félicité, aliyewapikia siku za mazoezi, alikuwa nyuma yake, amebeba sufuria ya wali wa wanamuziki. Aliiweka chini, akapiga magoti, akamgusa mzee shingoni. Baridi.

"Usimsogeze, Annick. Piga polisi."

"Lakini amelala vibaya, Maman Félicité. Shingo itamuuma."

Mungu wangu! Mtoto wa mtu anasema shingo itamuuma.

Mzee Aloys alikuwa Mrundi wa miaka sitini na miwili. Siku za kazi alilinda magari ya watu mbele ya maduka. Siku za mapumziko alitunga nyimbo za wachunga ng'ombe na kuziimba na bendi yake ndogo. Kofia za kauboi walizovaa jukwaani zilikuwa wazo la Urbain, Mkongomani aliyewatafutia kazi za kuimba. Watu walicheka, mzee hakucheka. "Kauboi ni nani?" aliwauliza. "Si mchunga ng'ombe? Basi ni mimi. Wale wa sinema walijifunza wapi?" Sasa alikuwa amepigwa kisogoni kwa fimbo yake mwenyewe, ile aliyoishika akiimba.

Félicité alikuwa anasuka nywele mjini mwaka wa tisa sasa, na kazi ile humfundisha mtu kutazama. Meza ilikuwa imepinduka. Gitaa lilikuwa limevunjika shingo. Ukutani yalining'inia mashati manne ya njano ya onyesho la kesho kanisani, yamepigwa pasi, nyuzi ndefu za mapambo zikishuka mikononi. Na dirishani, juu, mbali na vurugu yote, kilisimama chombo cha mti cha maziwa, icansi kama Warundi wanavyokiita, kifuniko chake cha nyasi kimekaa sawasawa. Aliyaona yote, hakuelewa hata moja.

Kufika saa nane mchana polisi walikuwa wamemkamata mtu, na mtu mwenyewe alikuwa Bertrand, mpiga gitaa, mdogo wake Félicité wa kuzaliwa.

"Jirani alimwona akitoka getini saa tatu kasoro dakika kumi," Sajenti Ngidi alimwambia kituoni. "Na jana jioni walisikika wakigombana. Alisema, 'Siku moja utakufa na maziwa yako.' Jumatatu atasimama mbele ya hakimu."

Karatasi ya ukimbizi ya Bertrand ilikuwa inaisha mwezi uleule. Akishtakiwa kwa mauaji, nani angeigonga muhuri mpya? Félicité alivuka na mtoto huyu mipaka minne akimshika mkono tangu Uvira, Kongo. Hakumlea ili aje aozee jela ya Durban.

Alipewa dakika kumi za kuongea naye.

"Mligombana nini?"

"Yaya, dada yangu, aibu hata kusema." Bertrand alijipangusa pua kwa mkono wa shati. "Niliruka maziwa. Alikuwa ameyaweka chini karibu na kiti chake, wazi, kama kawaida. Mimi nikapita juu. Eish, alinifokea kama nimemtukana mama yake! Kwao maziwa hayarukwi, hayaachwi wazi kwenye fujo, sijui nini na nini. Sisi ni watu wa samaki, ningejuaje?"

"Na leo asubuhi?"

"Nilikuja kumwomba msamaha. Nikamsikia ndani anaimba, nikaona nisimkatize. Nikarudi zangu."

"Jana ulijaribu shati la njano?"

"Ndiyo. Pini ilinichoma ubavuni. Halikuwa hata na zile nyuzi mkononi. Kwa nini?"

Félicité alikuwa anatazama ukuta wa kituo, lakini alichokiona ni mashati manne yamekamilika.

Alianza na Urbain, maana Urbain ndiye aliyekuwa na ufunguo mwingine wa gereji, na wiki nzima alikuwa amenuna. Alimkuta Chatsworth, kwenye ukumbi wa harusi, anakunja nyaya.

"Maman Félicité, ninajua umekuja kwa nini. Ndiyo, tulibishana. Mimi nilitaka wimbo mpya tuurekodi mapema, yeye akakataa. Wimbo una beti nne. Tatu ametuimbia: wachungaji watano, ng'ombe wao, na kivuko cha mto Ruzizi wakati wa vita. Ubeti wa nne ni wa majina, na majina, kasema, hayaimbwi mazoezini. Yanasikika mara moja, mbele ya watu. Alikuwa kichwa ngumu!" Akaangusha waya. "Nilimpenda, lakini."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa tangu saa moja. Muulize bibi harusi, amenigombeza mara tatu."

Félicité alimuuliza, na bibi harusi akaongeza ya nne. Kumbe Urbain alinuna tu.

Saa kumi na moja jioni aliingia kwa Cyprian, fundi cherehani. Huyu alikuwa shemasi wa kanisa lao, mtu wa miaka kama arobaini, mpole, ndevu amezichonga vizuri. Kila Mrundi aliyefika Durban bila blanketi alilipata kwake.

"Pole, Papa Cyprian. Mashati yametoka mazuri."

"Asante, dada. Niliyapeleka jana jioni, yote manne, nikamwachia mzee mwenyewe."

"Tayari kabisa?"

"Tayari. Leo sijatoka hapa." Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Msiba mkubwa. Nilipenda zile nyimbo, ingawa ng'ombe mimi nawajua buchani tu. Mtoto wa mjini, Buyenzi, Bujumbura. Sijashika kamba ya ng'ombe maisha yangu."

Jana jioni, tayari. Na jana jioni Bertrand alichomwa na pini! Félicité alitoka pale haraka, akaenda moja kwa moja kwa Annick.

"Mwanangu, maziwa ya baba. Ni wewe uliyeyaweka dirishani?"

"Hapana. Nilimpelekea saa mbili, nikayaweka chini karibu na kiti chake. Hufunika akishamaliza kuimba." Annick akainua uso. "Meza ilipinduka palepale pa kiti. Yalipaswa kumwagika."

"Hayakumwagika. Mtu aliyaokoa."

"Muuaji?"

"Muuaji, mama. Kabla hajampiga au baada, sijui. Mkono wake ulifanya bila kumuuliza."

Jumapili saa nane mchana watu walijaa matangani. Sajenti Ngidi alisimama kona ya sebule. Félicité alikuwa amemwomba aje, na alikuja bila kuahidi kitu. Kizingitini, palipo finyu, Annick aliweka bakuli kubwa la maziwa, wazi, na kifuniko pembeni. Aliliweka akilia.

Urbain aliingia na kreti la soda, akaruka bakuli bila kutazama. Wakongomani wawili nao wakaruka. Kisha akaja Cyprian, akimpa mtu pole huku amemshika begani. Aliongea huku anainama, akalichukua bakuli kwa mikono miwili, akalifunika, akaliweka juu ya kabati, na sentensi yake ya pole hakuikata hata kidogo.

"Mtoto wa Buyenzi," Félicité alisema kwa sauti. "Nani alikufundisha hivyo?"

Cyprian alitabasamu. "Ni heshima tu, dada. Maziwa ni chakula."

"Sawa. Tuache maziwa. Mashati ulipeleka lini?"

"Nimeshakuambia. Ijumaa jioni."

"Ijumaa saa kumi na mbili jioni Bertrand alivaa moja hapo gereji, lina pini, halina nyuzi. Annick, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyechomoa pini. Papa Cyprian akaondoka nayo yote manne kuyamalizia."

"Jumamosi saa nne na dakika arobaini tuliyakuta ukutani, yameisha. Yalitembea yenyewe kutoka kwako? Njia ya mwongo ni fupi, Papa Cyprian. Yako imefika kwenye msumari wa mashati."

Cyprian alitafuta kiti, akakikosa, akakaa chini. Félicité alimtafsiria Sajenti kila neno lililofuata, na mengine yalimtoka kwa shida.

"Jina langu si Cyprian. Naitwa Sabushimike. Wale wachungaji watano wa kwenye wimbo, mmoja ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Waliniweka kulinda kivuko. Wenye bunduki wakanikuta, wakaniambia, tuonyeshe njia ya ng'ombe au tukuue. Nikawaonyesha. Watatu walikufa. Aloys alipona, sijui kwa neema gani. Nilipomwona kanisani hapa nilimjua palepale. Yeye hakunijua. Ndevu, jina, miaka kumi na saba."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu ya wimbo! Nilikuwa napima mabega yake, naye anaimba kivuko, mto, kijana aliyebaki kulinda. Na ubeti wa nne ni majina! Mbele ya kanisa lote!" Aliyaziba macho. "Jumamosi nilipeleka mashati, nikambembeleza aniambie ubeti wa mwisho. Akacheka. Akasema, 'Utasikia kesho, na wewe ndiye utakayelia kuliko wote.' Nikajua amenitambua. Nikasimama niondoke, nikaona maziwa yapo njiani, nikayaweka juu. Halafu nikaiona fimbo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu alishtuka akaua.

Sajenti Ngidi alimfunga pingu, akamgeukia Félicité. "Mdogo wako kesho hatasimama kwa hakimu. Njoo umchukue jioni hii." Félicité alitaka kusema asante, kikatoka kilio, na mikono ya wanawake ikamshika. Aliachia. Alikuwa hajalia tangu jana.

"Subirini," Annick alisema.

Alitoa daftari la shule ndani ya kitenge. Baba yake hakujua kuandika. Alitunga akitembea, binti akanakili.

"Hakukutambua," alimwambia Cyprian. "Kila siku ya Mungu alisalimiana na fundi wake, basi. Alisema utalia kwa sababu kila shemasi hulia kwenye wimbo wa wafu. Sikiliza ubeti wenyewe."

Akasoma bila kuimba:

*"Watatu nimewataja, wa nne nakutaja kwa machozi,*
*Sabushimike, uliyebaki mtoni ili mimi nivuke.*
*Ng'ombe wanakuuliza jioni, nawajibu hujachelewa.*
*Nikipata mjukuu wa kiume, atachukua jina lako."*

Nje gari la polisi lilikuwa limewashwa, dereva anasubiri.

"Soma tena," Cyprian alisema, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Nakuomba, mwanangu. Mara moja tu. Soma hapo kwenye jina langu."

Annick alilifunga daftari.

"Yule ambaye baba alimlilia alikufa mtoni," alisema. "Wewe sikujui."

Sajenti alimwinua kwa mkono, wakatoka naye, na Félicité akaenda jikoni kutafuta viatu vyake ili akamchukue Bertrand.