Rufaa ya Gari Lililolala Nyumbani

Aliyekisimulia kisa hiki kwanza ni shangazi mkubwa, fundi cherehani, mwaka aliouza gari lake jeupe. Taa zote za sebuleni zilikuwa zinawaka.

Tiketi ya maegesho ilidai gari hilo lilizuia geti la makaburi, Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni. Uongo mtupu. Saa hiyo gari lilikuwa uani, naye kitandani. Kila akitoka kazini, mdogo wake, shangazi mdogo, humpa chai, naye hulala fofofo mpaka giza liingie.

“Nitilie sahihi basi, kwamba gari lilikuwa hapa.”

“Dada, lipa yaishe. Utapigana na halmashauri kwa sindano?”

Shangazi mdogo alicheka. Sahihi hakutia.

Siku ya mwisho ya rufaa, jua likizama, shangazi mkubwa alikwenda peke yake. Karani alikuwa anafunga madirisha. Akamsukumia picha kwa ncha ya kidole.

“Itazame kwanza, mama.”

Gari lake. Geti la makaburi, walikomzika mama yao miaka sita nyuma. Kwenye usukani, mdogo wake, anatabasamu. Kiti cha nyuma...

Yeye mwenyewe.

Mdomo wazi. Macho meupe. Miguu mitupu, udongo mwekundu mpaka magotini.

Akayakumbuka mashuka. Kila asubuhi mdogo wake huwahi kuyafua. “Pumzika, dada.” Miaka sita alikuwa akimshukuru!

“Rufaa inataka jina la dereva,” karani alinong’ona. “Ukimtaja, ataitwa, na picha itawekwa mezani. Usipomtaja, unalipa.”

Kalamu ikaganda hewani. Mdogo wake huyu alimsomesha yeye mwenyewe, kwa cherehani yake.

Akalipa.

Nyumbani chai ilikuwa inamngoja, inafuka. Akaimwaga kwenye sinki, akajilaza, akafumba macho.

Mlango ukalia... kwiii.

Harufu ya udongo mbichi. Pumzi ya moto sikioni.

“Hajanywa,” shangazi mdogo alinong’ona. Hakuwa akisema naye.

Kutoka chini ya kitanda, sauti ya mama yao ikajibu, taratibu:

“Basi tutamngoja.”

Karani yu hai, ila aliacha kazi mwezi uleule. Shangazi mkubwa yu hai. Alihama, na jioni halali. Shangazi mdogo yu hai, yumo katika nyumba ileile, na majirani wanasema huandaa vikombe vitatu. Bibi, mama yao, ni marehemu. Cheti chake cha kifo kipo.